Mzaha wa Mwenzi Unapogeuka Tusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka mingi nimeombwa na ndugu na majirani kukaa katika vikao vya suluhu, na malalamiko yanayorudi kuliko mengine yote huanza kwa maneno yale yale: "Ni utani wake tu, lakini unaniumiza." Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo watu huyauliza tena na tena, wanawake kwa wanaume, waliooana na walio katika uchumba. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, nimetaja namba ya swali.

## Misingi

1. Utani wa wapenzi unatofautianaje na tusi lililovishwa utani?

Utani wa wapenzi hugusa jambo ambalo anayetaniwa mwenyewe anaweza kulicheka: kukoroma kwake, kuchelewa kwake kujiandaa, jinsi anavyotafuta miwani huku ameivaa. Akitaniwa hujibu, na akijibu, aliyeanza naye hucheka, na mwishowe wote wawili huwa wamekaribiana zaidi. Tusi lililovishwa utani humwacha mmoja akiwa amepungukiwa na kitu mbele ya mwenzake, na mara nyingi mbele ya watu wengine pia.

Lugha yetu imekwisha kutenganisha mambo haya. Utani, mzaha na masihara yako upande mmoja. Kejeli, kebehi, dhihaka na masimango yako upande wa pili. Mtu anaposema "ananitania" kwa sauti ya chini huku akikunja ncha ya kanga yake, aghalabu neno analolikwepa ni "ananisimanga", na kulipata neno sahihi ni nusu ya kazi.

2. Kwetu utani ni mila. Kwa nini mume au mke asihesabiwe kuwa mtani?

Swali hili ni la haki, na ninalijibu kwa urefu kwa sababu mila ndiyo inayotajwa kwanza mtu anapotaka kujitetea. Utani ni utaratibu wenye mipaka. Wapo watani wa makabila, kama Wachaga na Wapare, au Wangoni na Wahehe ambao walipigana vikali katika karne ya 19 na leo hutaniana juu ya vita hivyo hivyo. Wapo pia watani wa ukoo: babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", mabinamu hurushiana maneno, na shemeji huchokozana.

Tazama jinsi utani huo unavyofanya kazi. Kwanza, ni wa pande mbili: anayenitania leo najua nitamtania kesho, na hana ruhusa ya kununa. Pili, una wajibu. Msibani mtani huweza kuingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe fedha, lakini mtani huyo huyo ndiye aliyeshika jembe, aliyebeba maji na aliyewafanya wafiwa wacheke walipokuwa wameshindwa hata kula. Tatu, una watu usiowagusa. Mila ile ile inayomruhusu mtu kumchokoza binamu yake humkataza kumtania mkwewe.

Kwa hiyo anayesema "sisi kwetu tunataniana" aulizwe kama yeye naye hukubali kutaniwa kwa kiwango hicho hicho, na kama mikono yake humtumikia anayemtania. Akikosa yote mawili, amechukua ruhusa ya mtani na kuuacha mzigo wake.

3. Nitajuaje kwamba mpaka umevukwa?

Dalili kubwa kuliko zote ni kurudiwa baada ya kuombwa. Kila mtu huweza kuteleza ulimi, kwa kuwa hakuna ajuaye vidonda vyote vya mwenzake. Lakini mara tu umeshasema waziwazi kwamba neno fulani linakuchoma, hapo hakuna tena kuteleza, na kila akilirudia amechagua kulirudia.

Dalili ya pili imo katika mwenendo wako mwenyewe. Mama mmoja niliyemfahamu alikuwa akiwapakulia wageni wote mezani, kisha akila chakula chake jikoni akiwa amesimama, sahani ikiwa juu ya kifuniko cha ndoo ya maji, kwa sababu mume wake alizoea kutangaza ni mara ya ngapi amejipakulia. Wageni walicheka, na mume aliamini kwamba nyumba yake ni ya furaha. Ukiona umeanza kubadili unachovaa, unachokula au unachosema ili tu usipate kutaniwa, mzaha huo umekuwa amri.

Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman, aliyechunguza mazungumzo ya wanandoa kwa miongo kadhaa, huitaja dharau kuwa miongoni mwa dalili kuu za ndoa inayoelekea kuvunjika, na katika dharau anahesabu kejeli, kumwigiza mwenzako kwa kumdhihaki na kumbandika majina. Hasira humwambia mwenzako kwamba amekosea. Dharau humwambia kwamba yeye ni duni, na neno hilo ni gumu kulisamehe hata likisemwa kwa kicheko.

4. Kila nikilalamika huniambia "natania tu, wewe huna moyo wa utani". Je, tatizo ni mimi?

Jiulize kwanza kama watu wengine wanaokupenda hukutania na ukacheka. Ikiwa unacheka na dada zako, wafanyakazi wenzako na rafiki zako wa shule, basi moyo wa utani unao, na kinachokuumiza ni kitu kilichomo katika maneno ya mtu huyu mmoja.

Wapo kweli watu waliojeruhiwa utotoni, ambao kila neno kwao ni jiwe, na si vibaya mtu akijichunguza kwa unyofu. Hata hivyo, mwenzi mwenye upendo akigundua kwamba unaumia kirahisi, hupunguza makali ya ulimi wake. Udhaifu wako haumpi kibali cha kuugonga. Udhuru wa "nilikuwa natania" ni wa zamani sana: Mithali 26 inamlinganisha mtu anayemdanganya mwenzake kisha akasema alikuwa akifanya mzaha na mwendawazimu anayetupa moto na mishale.

5. Zamani nilikuwa nacheka naye. Je, nina haki ya kukataa sasa?

Unayo. Huenda ulicheka kwa aibu, au kwa kuogopa kuharibu shughuli, au kwa sababu wakati huo jambo lenyewe halikuuma. Anayetaniwa kuhusu kutokuwa na mtoto mwezi wa tatu wa ndoa si sawa na anayetaniwa hivyo mwaka wa saba. Mwambie tu kwamba zamani ulicheka na sasa huwezi. Hana haja ya maelezo zaidi ya hayo.

## Mambo yanayotaniwa

6. Hunitania kuhusu mwili wangu tangu nilipojifungua. Je, nivumilie?

Hapana. Tumbo lililolegea, michirizi na maziwa yaliyoshuka ni alama za kazi ambayo mwili umeifanya kwa ajili ya watoto wa wote wawili. Isitoshe, miezi ya kwanza baada ya kujifungua ni wakati ambao baadhi ya wanawake hupatwa na sonona, na maneno ya dharau katika kipindi hicho humwangukia mtu ambaye tayari amebeba mengi. Ukiona huzuni haiondoki kwa zaidi ya wiki mbili, huna hamu na mtoto, au unawaza kujidhuru, wahi kliniki na uwaeleze wahudumu mambo hayo, si habari za chanjo na uzito wa mtoto peke yake.

7. Mke wangu huniita "mgeni wetu wa kudumu" tangu nilipopoteza kazi. Rafiki zangu wanasema mwanaume hapaswi kulalamikia jambo kama hilo.

Rafiki zako wamekosea. Masimango ya riziki humkata mwanaume mahali ambapo jamii imemfundisha kutafuta thamani yake yote, na kwa kuwa amekatazwa kusema, wengi huhamia baa, huchelewa kurudi nyumbani au hunyamaza miezi mizima. Kumwambia mkeo "neno hilo linanifanya nione aibu kukaa mezani" si udhaifu. Sikiliza pia kilichofichwa ndani ya mzaha wake: huenda ana hofu ya kodi na ada asiyojua kuisema kwa upole. Hofu hiyo inastahili mazungumzo ya wazi juu ya fedha. Jina hilo la kejeli lenyewe linapaswa kukoma.

8. Je, kutania kabila, wazazi au ukoo wa mwenzi ni sawa?

Kabila la mtu huweza kutaniwa pale ambapo pana utani wa kweli kama ulivyoelezwa katika swali la 2. Wazazi ni jambo jingine. Ukimtania mwenzi wako kwa umaskini wa mama yake, humtanii yeye; unamtukana mtu asiyekuwapo kujitetea, tena mtu aliyekukabidhi mwanawe.

9. Anataja siri niliyomweleza tukiwa wawili, kisha anaifanya mzaha.

Hili nalihesabu kuwa zito kuliko yote katika sehemu hii, hata kama limetokea mara moja. Kukojoa kitandani utotoni, kushindwa mtihani, mimba iliyotoka, hali ya afya: mtu huyatoa haya gizani, kichwa kikiwa kwenye mto, kwa kuamini kwamba yatabaki pale. Yakigeuzwa kichekesho, kilichovunjika ni uaminifu, na hata radhi ikitolewa itachukua muda kabla hujaweza kusema neno jingine la siri. Usijilaumu kwa muda huo.

## Mbele ya watu, simu na watoto

10. Tukiwa wawili ni mpole, lakini mbele ya rafiki zake hunifanya kichekesho. Kwa nini?

Kwa sababu hapo wewe si msikilizaji wake. Rafiki zake ndio anaowasemesha, na wewe umekuwa kifaa cha kuwachekeshea. Wengine hufanya hivyo ili wasionekane wametawaliwa na mapenzi. Usimkabili palepale ukumbini ikiwa unaweza kujizuia, kwa kuwa atajitetea mbele ya hadhira yake, bali zungumza naye siku hiyo hiyo mkifika nyumbani, na umwombe kitu kimoja mahususi: asikutanie kuhusu jambo fulani mbele ya watu fulani. Ombi la jumla kama "niheshimu" humpa nafasi ya kudai kwamba anakuheshimu.

11. Aliweka picha yangu nikiwa nimelala, mdomo wazi, kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Mwombe aifute mara moja, na aliandikie kundi lile lile kwamba amekosea. Neno lililosemwa sebuleni husahaulika. Picha huhifadhiwa na watu usiowajua na hurudi miaka mitano baadaye. Ikiwa picha ni ya faragha au ya utupu, hapo tumetoka katika mzaha kabisa: hifadhi ushahidi wa ujumbe pamoja na tarehe na saa yake, kisha utafute ushauri wa kisheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza unyanyasaji kwa njia ya mtandao, na kuwa mume au mke hakumpi mtu kinga.

12. Watoto wameanza kuniita jina la kejeli analoniita baba yao. Nifanye nini?

Wasiadhibiwe, kwa kuwa wanarudia walichofundishwa kuwa ni mapenzi. Waambie kwa upole kwamba jina hilo linakuumiza na kwamba hutalijibu. Kazi kubwa ni ya baba yao: yeye ndiye anayepaswa kuwaeleza, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba alikosea. Nimewahi kumwona baba mmoja akifanya hivyo mezani, mkono mmoja ukiwa juu ya bega la mkewe, na mtoto wa miaka sita akauliza, "Kwa hiyo na mimi nisimwite hivyo tena?" Baba akasema, "Na mimi pia." Jambo hilo lilimalizika kwa maneno hayo machache.

## Kusema, kuomba radhi, kushirikisha wengine

13. Nimwambie kwa maneno gani?

Chagua saa ambayo hakuna mwenye njaa, mlevi au mwenye haraka. Taja neno lenyewe, siku yenyewe na jinsi ulivyojisikia, kisha useme unachotaka. Kwa mfano: "Jumamosi kwenye kipaimara ulisema mimi ni hasara uliyoinunua kwa mahari. Niliona aibu mbele ya wifi zangu. Naomba usiseme tena habari ya mahari, hata kwa mzaha." Usiongezee makosa ya miaka iliyopita, kwa kuwa atashika lile lililo dhaifu na kujibu hilo tu. Usianze kwa "siku zote wewe". Anza kwa tukio moja.

14. Je, si bora nimjibu kwa utani mkali zaidi ili aonje?

Ninaelewa kishawishi hicho, na watu wa pwani wana ufundi wake: kuna kanga huvaliwa makusudi ili maandishi yake yaseme kile ambacho mdomo umekizuia. Ikiwa ninyi wawili mko sawa kwa nguvu na mnacheka mwishoni, jibu la haraka huweza kumaliza jambo vizuri. Lakini ikiwa tayari umeumia, vijembe vyako vitatoka na uchungu wako wote, naye atakuwa amepata ushahidi kwamba "wote tunafanya". Na ikiwa unamwogopa, usijaribu kabisa. Soma swali la 18.

15. Ameomba radhi mara nne na amerudia mara tano.

Basi radhi imekuwa sehemu ya mzunguko wenyewe. Radhi ya kweli hutaja kosa, haina neno "lakini", na hufuatwa na juhudi inayoonekana: hujizuia katikati ya sentensi, au humkatiza rafiki yake anapoanza mzaha ule. Radhi isemayo "samahani kama umekasirika" huweka kosa katika hasira yako. Mwambie kwamba hutapokea tena maneno matupu, na ueleze hatua utakayochukua akirudia, iwe kuondoka kwenye shughuli hiyo au kumshirikisha mtu wa tatu. Kisha ifanye kweli.

16. Nimshirikishe nani?

Mtu ambaye mwenzi wako humsikiliza na ambaye hatalipeleka jambo sokoni. Wengi huanza na mshenga, somo, au wasimamizi wao wa ndoa, na hiyo ndiyo kazi waliyokubali siku ile ya harusi. Viongozi wa dini nao wana pa kusimamia: Surat Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza waziwazi kudharauliana na kuitana majina ya kejeli, nayo haikuwatoa wanandoa. Jihadhari na mshauri anayekupa neno moja tu, "vumilia", bila kumwita mwenzako na kumhoji. Uvumilivu ni tunu, lakini hautakiwi upande mmoja peke yake.

17. Mimi ndiye niliyekuwa nikitania vibaya. Naanzia wapi?

Anza kwa kunyamaza na kusikiliza orodha yote bila kujitetea, hata ukiona mengine yametiwa chumvi. Omba radhi kwa neno moja moja. Kama ulimdhalilisha mbele ya watu, radhi nayo iwafikie watu hao. Halafu usidai acheke na wewe wiki ijayo. Atarudi kwenye mzaha kwa hiari yake, na siku atakapokutania wewe kwanza utajua kwamba mlango umefunguka.

## Hali ngumu

18. Husema kwa kicheko "iko siku nitakuua". Je, ni mzaha?

Hapana, usiuhesabu kuwa mzaha, hasa ikiwa amewahi kukupiga, kukukaba, kukufungia ndani au kukuzuia kupata fedha na simu. Mweleze mtu unayemwamini maneno hayo kama yalivyosemwa, weka vitambulisho na fedha kidogo mahali unapoweza kuvichukua kwa haraka, na usitangaze mpango wako. Tanzania, Jeshi la Polisi lina Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vyake. Kenya, namba 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo.

19. Je, sheria inayatambua maneno, au mpaka nipigwe?

Inayatambua. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inautaja ukatili wa kiakili pamoja na ule wa mwili miongoni mwa mambo yanayoweza kuithibitishia mahakama kwamba ndoa imevunjika, ingawa kwa kawaida shauri hupita kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kenya ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015 katika Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, ambayo inahesabu matusi ya kurudiwa, dhihaka na kuitwa majina kuwa sehemu ya ukatili wa kihisia, na inaruhusu mtu kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Neno la msingi hapo ni "kurudiwa", kwa hiyo daftari lenye tarehe, maneno na majina ya waliosikia litakusaidia kuliko kumbukumbu ya kichwani.

20. Hatujaoana. Je, atabadilika tukifunga ndoa?

Sijaona harusi iliyobadilisha ulimi wa mtu. Katika uchumba bado anakutafuta, na watu huwa wamechunga maneno yao. Mweleze sasa kama ilivyo katika swali la 13, kisha utazame miezi mitatu. Kadi za mwaliko zilizokwisha kuchapishwa si sababu ya kuendelea.

21. Mume wangu ana miaka 67. Maisha yake yote alikuwa mtaratibu, lakini tangu mwaka jana ananitukana mbele ya wajukuu na kucheka peke yake.

Badiliko la namna hii katika utu uzima, kwa mtu asiyekuwa na tabia hiyo, linapaswa kupelekwa hospitali kabla ya kupelekwa kwa wazee. Kiharusi kidogo, uvimbe ndani ya kichwa na baadhi ya aina za ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huweza kuondoa breki za ulimi mapema, hata kabla mtu hajaanza kusahau. Fuatana naye kwa daktari, na uandike kabla hamjaenda: badiliko lilianza lini, alianguka au kuumwa kichwa wakati gani, anatumia dawa zipi, na kama mwendo, usingizi au matumizi yake ya fedha yamebadilika. Waeleze wajukuu kwamba babu anaumwa na kwamba maneno yale hayatoki kwa babu wanayemjua. Nawe tafuta mtu wa kukupokea zamu hata siku moja kwa wiki, kwa sababu maneno ya mgonjwa nayo huuma.